Mtoto Asiyekula Mkate
Mafundisho kwa jamaa wanaosafiri kutoka Isangi mpaka Kisangani

Wakati wa likizo kubwa, mwezi wa 7 na wa 8, jamaa nyingi za Isangi hupanda mto kwenda Kisangani. Wengine wanakwenda kuwaamkia ndugu zao. Wengine wanapeleka mpunga sokoni. Watoto wao wanatamani jambo moja tu: kuyaona maporomoko ya Wagenya. Baleniere ya mbao hujaa watu, magunia, kuku na mbuzi. Huondoka pale Lomami unapoingia katika Mto Kongo, hupita Yangambi, hupita Yakusu, na mwisho mji huonekana. Njia ni zaidi ya kilometa 100, tena chombo kinapanda kinyume cha maji. Kwa hiyo watu hula njiani, si mara moja tu.

Chakula cha njiani ni furaha ya safari. Lakini katika jamaa nyingine yupo mtu ambaye hawezi kula kila kinachouzwa ukingoni. Akila mkate au mikate ya kukaanga, mwili wake unaharibika. Ugonjwa wake unaitwa seliaki. Katika nchi zetu za Afrika ya kati huonekana mara chache, lakini mara chache si kusema hakuna. Tena watoto wa ndugu zetu waliozaliwa Ubelgiji au Ufaransa wanakuja kututembelea, na wengine wamekatazwa ngano na mganga wao. Mama mkubwa asiyejua habari hii atampa mtoto mkate kwa upendo, na upendo huo utamwumiza. Basi na tujifunze.

1. Seliaki ni ugonjwa gani?

Ngano, shayiri na rai ni nafaka za nchi za baridi. Ndani yake mna kitu kiitwacho gluteni. Gluteni ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike kama ulimbo unapokandwa, na ndiyo inayousaidia mkate kuumuka. Watu wengi hula gluteni bila shida yo yote.

Ninyi wakulima wa mpunga mnajua kwamba mche hunywa kwa mizizi yake midogo. Mizizi hiyo ikikatwa, mche hugeuka manjano hata kama shamba limejaa maji. Vivyo hivyo ndani ya utumbo mwembamba wa mtu mna vidole vidogo sana, visivyoonekana kwa macho matupu. Vidole hivyo ndivyo vinavyofyonza nguvu ya chakula na kuitia katika damu. Mtu mwenye seliaki akila gluteni, askari wa mwili wake, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, wanageuka na kuushambulia utumbo wake mwenyewe. Vidole vile vinafupika, hata vinalala chini kabisa. Mtu anakula, lakini chakula hakimfai.

Dalili zake ni hizi: kuhara kwa muda mrefu, tumbo kuvimba, kukonda mikono na mapaja, kuchoka, upungufu wa damu. Mtoto hakui kama wenzake. Wengine hawaharishi, ila damu yao ni haba siku zote na dawa za damu haziwasaidii sana.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mtoto mwenye seliaki aweza kulala na wenzake na kula nao sahani moja, mradi chakula chenyewe ni kile kinachomfaa. Tena si uchawi wala si laana ya ukoo. Ni kweli kwamba huonekana zaidi katika ukoo mmoja, kwa kuwa mtu huzaliwa na mwelekeo wa kuupata, kama vile mtu anavyozaliwa na sura ya babu yake. Mtoto anayekonda asishitakiwe kwamba anakula watu usiku, wala bibi yake asishitakiwe. Apelekwe hospitali.

Hakuna kidonge cha kuuponya. Dawa yake ni moja: kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Mgonjwa akiziacha kabisa, utumbo hupona polepole, mtoto hunenepa, hucheka, hurudi shuleni.

2. Ndizi za New York na njaa ya Uholanzi

Tangu zamani waganga waliujua ugonjwa huu lakini hawakujua sababu yake. Mwaka 1888 Samuel Gee, mganga wa London, aliandika dalili zake vizuri, akasema kwamba kama mgonjwa aweza kupona, atapona kwa njia ya chakula. Lakini chakula gani? Hakujua.

Mwaka 1924 mganga wa New York, Sidney Haas, alianza kuwalisha watoto wa seliaki ndizi nyingi, akawakataza mkate. Watoto walipata nafuu. Watu wakasema, “Ndizi ni dawa!” Kwa miaka mingi watoto wagonjwa huko Marekani walilishwa ndizi. Lakini wengine walipoonekana wamepona, walirudishiwa mkate, na ugonjwa ukarudi. Ndizi ilikuwa chakula chema, lakini uponyaji ulitokana na kuacha mkate.

Aliyeifumbua siri hii ni mganga wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akishuku ngano. Ndipo vikaja vita. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 Uholanzi ilipatwa na njaa kubwa, mkate ukaadimika. Watu wenye afya walidhoofika, lakini Dicke aliona ajabu: watoto wake wa seliaki walikuwa na nafuu. Vita vilipokwisha na mkate ukarudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 alitoa kitabu chake cha uchunguzi, na baadaye uchunguzi ukaonyesha kwamba kiini cha madhara ni gluteni.

Wengine wanasema, “Huu ni ugonjwa wa Wazungu.” Sivyo. Mwaka 1999 waganga walitoa habari za watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi huko Aljeria, ambao hula mkate wa ngano kila siku. Karibu watoto 1,000 walipimwa, na zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa na seliaki. Duniani pote hesabu ni kama mtu 1 katika 100. Wasaharawi ni Waafrika kama sisi. Ugonjwa hauchagui rangi ya ngozi.

3. Usijipime mwenyewe

Ndugu msomaji, ukisoma dalili zile usikimbilie kusema, “Mtoto wangu ana seliaki.” Hapa kwetu mtoto mwenye tumbo kubwa na kuhara mara nyingi ana minyoo, au vijidudu vingine vya tumbo, au kifua kikuu, au kwashiorkor, yaani ukosefu wa vyakula vya kujenga mwili. Mtoto wa namna hiyo hatapona kwa kuachishwa mkate. Atapotea huku wewe unangoja.

Mlete kwa mganga. Kwanza atatafuta magonjwa yaliyo mengi. Kisha, akishuku seliaki, ataagiza damu ipimwe, na pengine kipande kidogo cha utumbo kitazamwe kwa darubini. Vipimo hivi havipatikani kila mahali. Huenda mgonjwa akapewa barua ya kwenda mjini.

Jambo moja likumbukwe sana: usimwachishe ngano kabla hajapimwa. Akiwa ameacha ngano muda mrefu, damu yake itaonekana safi, na kipimo kitasema hana ugonjwa, kumbe anao.

4. Meza ya mto wetu

Sasa sikieni habari njema. Mama wa Ulaya akiambiwa kwamba mtoto wake asile ngano, huanza kulia, kwa sababu asubuhi ni mkate, mchana ni mkate, jioni ni makaroni. Mama wa Isangi hana sababu ya kulia. Mungu amekwisha kumwandalia. Hivi vyote havina gluteni:

Mihogo, chikwanga na fufu ya mihogo mitupu.
Makemba na ndizi mbivu, pamoja na lituma ya makemba.
Wali wa mpunga wetu.
Mahindi, mtama, viazi vitamu, magimbi.
Sombe, matembele na mboga nyingine za majani.
Samaki wabichi, samaki wa moshi, nyama, mayai.
Maharagwe, karanga na mbika.
Mafuta ya mawese, pilipili, chumvi, matunda yote.

Lakini sikilizeni maonyo mawili. La kwanza: mihogo peke yake haitoshi. Hushibisha tumbo, haijengi mwili. Mtoto apewe pamoja nayo samaki, au maharagwe, au karanga, hasa yeye ambaye utumbo wake uliharibika na sasa unajengwa upya.

La pili: mihogo michungu ina sumu. Yapasa ilowekwe majini siku tatu, ikauke vizuri juani, ndipo itwangwe. Mwaka 1938 mganga Mwitaliano aitwaye Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa wa konzo katika nchi ya Kwango. Watu, hasa watoto na wanawake, waliamka wakakuta miguu imekaza, hawawezi kutembea sawa tena. Mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, pamoja na uhaba wa samaki na maharagwe, ndiyo sababu yake. Kwa hiyo usipunguze siku za kuloweka kwa ajili ya haraka ya safari.

5. Hatari zilizojificha

Mkate huonekana kwa macho. Mtoto mkubwa ataukataa mwenyewe. Hatari kubwa ni ile isiyoonekana. Mama, ziangalie hizi:

Mafuta ya kukaangia. Muuzaji anakaanga mikate asubuhi, kisha katika mafuta yale yale anakaanga makemba au samaki. Makemba ni safi, mafuta si safi.

Unga wa semuli. Mwingine ni wa mahindi, mwingine ni wa ngano. Wengine huchanganya semuli katika fufu ili iwe laini. Uliza.

Vipande vya kutia ladha katika mchuzi, nyama za kopo na soseji. Vingine vina unga wa ngano ndani yake. Soma karatasi yake. Tafuta neno la Kifaransa “blé,” yaani ngano, na “orge,” yaani shayiri. Karatasi isiposomeka, tumia chumvi, kitunguu na pilipili tu.

Vinywaji vya kimea. Bia hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Hilo wengi wanalijua. Lakini viko pia vinywaji vitamu vyeusi vya kimea visivyo na ulevi, ambavyo watoto wanapewa kana kwamba ni dawa ya nguvu. Hivyo pia ni shayiri. Mgonjwa asinywe.

Uji wa msaada. Unga unaogawiwa katika mifuko mara nyingine ni wa mahindi na soya, mara nyingine ni wa ngano na soya. Angalia mfuko kabla ya kuchota.

Kijiko na chungio. Sufuria iliyopikiwa makaroni ikisuguliwa kwa sabuni hufaa. Lakini chungio la unga wa ngano haliwezi kusafishwa kabisa. Usilitumie kwa unga wake.

6. Neno “kidogo tu”

Adui mkubwa wa mtoto huyu ni neno la huruma: “Mpe kidogo tu, maskini, anatazama wenzake.” Wenye kusema hivi ni watu wema: bibi, shangazi, jirani katika chombo. Hawaoni mtoto akianguka pale pale, basi wanadhani hakuna madhara.

Sikieni hesabu. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu 2 hivi. Mwaka 2007 waganga wa Italia walitoa habari za wagonjwa wa seliaki waliopewa miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi mitatu. Utumbo wao uliharibika. Miligramu 50 ni nini? Ni kipande kile kimoja cha mkate ukikigawanya sehemu 40, ukachukua sehemu moja. Ni makombo ya kushika kwa ncha za vidole. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kibaba hiki ni cha maumivu.

Mtoto afundishwe maneno ya kujibu, maneno ya adabu, asione haya: “Asante, koko. Ngano inaniumiza tumbo. Nitakula ndizi.” Mtoto wa miaka mitano aweza kuyasema. Mzazi naye asimwache peke yake katika kukataa, kwa maana kwetu kukataa chakula cha mkubwa ni kama kumdharau. Mzazi aseme mapema, kabla sahani haijaletwa.

7. Jinsi ya kusafiri

Tuchukue mfano wa jamaa ya watu watano: baba, mama na watoto watatu. Mtoto wa pili ana seliaki. Wanataka kwenda Kisangani na kurudi. Wafanye nini?

Kabla ya kuondoka. Mama anapika chikwanga na kuzifunga vizuri katika majani. Hukaa siku kadhaa bila kuharibika. Anachukua samaki wa moshi, karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha ya siku ya kwanza, ndizi mbivu na ndizi zisizoiva bado. Anahesabu siku za safari, kisha anaongeza siku moja, kwa sababu mashine ya chombo huharibika na mchanga wa mto huzuia. Mtoto mwenye njaa usiku ukingoni, na kilichopo ni biskwiti tu, atakula biskwiti. Kosa si lake.

Baba naye ana kazi. Anampigia simu ndugu yao wa Kisangani, wala hangoji kufika: “Shemeji, tunakuja. Mtoto wetu wa pili hali ngano. Msinunue mkate kwa ajili yetu. Wali na samaki vinatutosha sana.” Maneno haya ni kuheshimu mwenyeji. Atakayeambiwa mapema hataona haya mbele ya wageni, wala hatatumia fedha bure.

Katika chombo. Hapa ndipo penye jambo kubwa. Jamaa yote ile chakula kimoja. Baba asinunue mikate ya moto kwa watoto wawili na kumwachia wa tatu chikwanga ya jana. Kwa siku mbili za mto, baba mwenyewe aweza kuacha mkate, hatakufa. Mtoto akiona kwamba chakula chake ni chakula cha wote, ugonjwa wake unakuwa mwepesi. Akiona kwamba yeye peke yake ametengwa, ataiba mkate siku ile usipomwona. Mama achukue pia kitu kitamu cha kuwagawia wote, kama karanga za sukari, muwa au nanasi, ili wakati muuzaji wa biskwiti anapopita, mikono yao isiwe mitupu.

Sokoni. Mama ajifunze kuuliza hivi:

“Jambo, mama. Makemba haya umeyakaanga katika mafuta ya mikate?”
“Ndiyo, mama. Mafuta ni yale yale.”
“Asante, mama, kwa kuniambia kweli. Basi nipe yale ya kuchoma juu ya makaa.”

Muuzaji hakukasirika, na mama hakuondoka bila kununua. Jibu likiwa “sijui,” afadhali kuacha.

Kwenye maporomoko. Maporomoko ya Boyoma ni saba, nayo yameenea kama kilometa 100 kati ya Ubundu na Kisangani. Wavuvi Wagenya wako kwenye la mwisho. Wamesimika miti mikubwa kati ya miamba, wakatundika mitego mikubwa ya kufumwa iliyo wazi mbele na nyembamba nyuma. Maji yenye nguvu huwasukuma samaki ndani. Watoto watasimama hapo nusu ya siku bila kuchoka. Nusu ya siku ni njaa. Kwa hiyo wale kwanza nyumbani, na mfuko wa ndizi na karanga uwe begani mwa baba. Samaki mbichi akinunuliwa pale, apikwe liboke: afungwe katika majani pamoja na chumvi, kitunguu, pilipili na mawese, awekwe juu ya makaa. Hapana mafuta ya mtu mwingine, hapana unga. Majani yenyewe yanamlinda. Hakuna chakula cha mjini kilicho salama kuliko hiki kwa mtoto wa seliaki, na wote watakigombania.

8. Akiugua njiani

Mtoto wa seliaki akiharisha katika safari, usiseme mara moja, “Amekula ngano.” Maji ya mto yasiyochemshwa huleta kuhara kwa mtu ye yote, na kipindupindu huua upesi. Chemsheni maji ya kunywa. Naweni mikono kwa sabuni kabla ya kula chikwanga, maana huliwa kwa mkono.

Akiharisha, mpe maji ya kurudisha nguvu: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Anywe polepole, mara nyingi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Choo kikiwa kama maji ya mchele, au kina damu, au mtoto analegea, au ana homa, msingoje kufika kwa shangazi. Shukeni penye kituo cha afya kilicho karibu. Mwonyesheni mwuguzi barua ya mganga inayosema kwamba mtoto ana seliaki. Barua hiyo iwe ndani ya mfuko wa nailoni, isilowe, nayo isafiri na mtoto kila mahali.

9. Kwa ndugu walio Ulaya

Kijitabu hiki huwafikia pia ndugu walio Brussels, Liège na Paris. Likizoni nao huwapeleka watoto wao kwenye bustani kubwa za michezo, kama Disneyland Paris iliyofunguliwa mwaka 1992. Huko hakuna chikwanga ukingoni. Chakula kingi ni mkate wenye nyama, makaroni, keki, na viazi vilivyokaangwa.

Lakini huko sheria inawasaidia. Tangu mwisho wa mwaka 2014, katika nchi za Umoja wa Ulaya kila mwenye kuuza chakula hupaswa kumjulisha mnunuzi kama mna gluteni ndani yake. Ulizeni bila woga. Ni haki yenu. Chakula kilichoandikwa “sans gluten” hakina zaidi ya miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Ulizeni tena habari ya mafuta: viazi havina gluteni, lakini kama vimekaangwa pamoja na kuku aliyevikwa unga, havifai. Kabla ya kwenda, andikeni au pigeni simu kuuliza kama vyakula vya nyumbani vinaruhusiwa kuingizwa kwa ajili ya ugonjwa. Na mkipika fufu nyumbani, kumbukeni kwamba wengi wetu huko wanaisonga kwa semuli ya ngano. Rangi yake ni ya fufu, lakini ni ngano. Tumieni unga wa mihogo au wa mchele.

10. Kwenye Meza ya Bwana

Safari ya siku nyingi haikosi Jumapili, na jamaa wataabudu pamoja na kanisa la mjini. Mahali pengi mkate wa Meza ya Bwana ni wa ngano. Kijana aliyebatizwa mwenye seliaki afanye nini? Wengine wameacha kushiriki kimya kimya, na watu wanafikiri wako katika dhambi. Huo ni mzigo mzito juu ya mgonjwa asiye na hatia.

Mzazi amwendee mzee wa kanisa kabla ya ibada, amweleze. Wazee wakikubali, kipande kidogo cha chikwanga au cha mkate wa mchele chaweza kuwekwa katika kisahani chake, mbali na makombo ya ngano. Asichovye mahali wengine wamechovya mkate. Jambo hili ni dogo kwa kanisa, lakini kwa kijana yule ni kubwa mno.

Paulo aliwaonya Wakorintho kwa sababu katika mkutano mmoja wengine walishiba na wengine walikaa na njaa. Aliwafundisha wangojeane. Fundisho hilo ni la kanisani, ni la nyumbani, ni la katika baleniere pia. Jamaa inayomngojea aliye dhaifu, ikala anachoweza kula yeye, haikupoteza kitu. Imefika mjini pamoja naye, naye ni mzima.

Maswali ya kujifunza

1. Ni nafaka gani tatu ambazo mtu mwenye seliaki hawezi kula?
2. Kwa nini haifai kumwachisha mtoto ngano kabla ya kupimwa?
3. Taja vyakula vitano vya Isangi visivyo na gluteni.
4. Makemba hayana gluteni. Yawezaje kumdhuru mgonjwa sokoni?
5. Mihogo michungu hulowekwa siku ngapi, na kwa sababu gani?
6. Utamjibu nini mtu anayesema, “Mpe kidogo tu”?
7. Maji ya kurudisha nguvu hutengenezwa namna gani?
8. Kanisa lenu laweza kufanya nini kwa mshiriki asiyekula ngano?